Soin: Nyumbani kwa mti uliovaa koti nene

Ukitoka mjini Kericho kuelekea Kisumu, macho huzoea rangi moja tu. Kulia ni chai, kushoto ni chai, na vilima vyote vimekatwa nywele kwa usawa kama vichwa vya watoto siku ya kufungua shule. Mji huo uko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na asubuhi zake humfanya hata mwenyeji akumbatie kikombe kwa mikono miwili.

Lakini ukishaipita Kapsoit, barabara huanza kuteremka. Masikio huziba kidogo, sweta huvuliwa na madirisha ya matatu hufunguliwa bila mtu kuambiwa. Chai hutoweka. Mahindi hushika zamu, kisha miwa, kisha vichaka vya miiba, mawe na mbuzi wanaosimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta majani. Kufika kituo cha Kipsitet, jasho limekwisha kukujulisha kwamba umeingia Soin.

Jina lenyewe linaeleza mambo. Kwa Wakalenjin, nchi ya baridi kule juu ni mosop, na nyanda za joto huku chini ni soi. Ziwa Victoria, lililo takriban mita 1,134 juu ya bahari, haliko mbali, na jioni ikiwa safi unaweza kuona uwanda wa Kano umetandazwa chini yako kama mkeka.

Wasafiri wengi huipita Soin wakiwa wamesinzia. Hakuna hoteli za watalii wala simba. Hata hivyo, mwenye watoto wanaopenda kuuliza maswali hatajuta kushuka hapa, kwa sababu kando ya mashamba na kwenye miteremko kuna mti mmoja wenye somo kubwa.

Wakipsigis huuita kakarwet. Wajaluo huuita orembe, Waluhya murembe na Wakikuyu muhuti. Katika Kiswahili umeitwa mwambangoma, kwa kuwa mbao zake nyepesi zimefaa kuchongea ngoma, vinu, viti na mizinga ya nyuki. Wakati wa kiangazi hupukutisha majani yote na kuvaa maua mekundu kama makaa. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi huvutia watoto, lakini ziwe shanga tu. Zina sumu, zisitiwe kinywani.

Sasa mwambie mtoto aguse shina, akijihadhari na miiba. Gome ni nene, limepasukapasuka, na ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea. Wazazi watakumbuka mara moja kitu kilichofanana nalo: kizibo cha chupa za chai za zamani, kile cha rangi ya kahawia kilichokuwa kikilia ukikizungusha na kuizuia chai isipoe hadi jioni.

Mti huu haukuvaa koti hilo kwa mapambo. Kwa miaka mingi moto wa nyasi umekuwa ukipita katika nyanda za Afrika wakati wa kiangazi. Mti wenye gome jembamba huchemka utomvu ukafa. Wenye gome nene huungua juu juu, ukawa mweusi nje, lakini ndani uhai ukabaki. Siri ni hewa. Gome la aina hii limejengwa kwa vijumba vidogo mno vilivyokufa, na hewa iliyofungiwa humo hulizuia joto lisipenye haraka.

Vijumba hivyo ndivyo alivyoviona Mwingereza Robert Hooke alipotazama kipande cha kizibo kwa hadubini, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1665 akavipa jina ambalo wanafunzi wa bayolojia hulikariri hadi leo: seli. Kizibo alichokitazama kilitoka kwa mti mwingine, mwaloni wa nchi zinazozunguka Bahari ya Mediterania kama Ureno, Hispania, Moroko na Aljeria. Nao pia ni mti wa nchi za moto wa msituni, na ulivaa koti nene kwa sababu ile ile.

Hapo ndipo hadithi inapoacha ardhi na kupanda angani. Roketi inapopaa, msuguano wa hewa huichoma upande wa nje. Chombo kinaporudi, kikitoka kwenye mzunguko wa dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, joto huwa kali zaidi. Wahandisi walihitaji kitu chepesi, kisichopitisha joto, chenye kukubali kuungua polepole upande wa nje huku kikilinda kilicho ndani. Kwa maneno mengine, walihitaji gome la mti wa nyika.

Basi wakachukua punje za gome la mwaloni, nyingi zikiwa mabaki ya viwanda vya vizibo, wakazichanganya na gundi ngumu, wakazishindilia kwa joto na kupata mabamba wanayoweza kuyakata kama fundi cherehani anavyokata kitambaa. Kifuniko kilichokilinda chumba cha wanaanga wa Apollo wakati wa kupaa kilikuwa na gome hilo. Roketi kubwa za kando za vyombo vya Marekani vilivyokuwa vikienda na kurudi kati ya 1981 na 2011 zilikuwa nalo pia. Vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 vilikingwa kwa mchanganyiko wenye punge za gome hilo. Mwaka 2016 chombo cha Ulaya kiitwacho Schiaparelli kilipenya hewa ya Mirihi kikiwa na ngao ya gome na gundi. Chombo kiliishia kuanguka kwa hitilafu ya hesabu za kompyuta, lakini ngao ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Kenya nayo si mgeni wa mambo haya. Tarehe 12 Desemba 1970, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani kutoka jukwaa lililo baharini karibu na Malindi, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu yetu, ikapewa jina Uhuru. Setilaiti yetu wenyewe, Taifa-1, ilirushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023.

Jambo linalopaswa kutugusa zaidi huku Soin, hata hivyo, ni namna gome lile linavyovunwa. Mwaloni hauangushwi. Husubiriwa miaka 25 hivi, kisha mafundi wenye mashoka hubandua koti la nje kwa uangalifu bila kuumiza ngozi hai ya ndani. Tarakimu ya mwaka huandikwa shinani kwa rangi. Nchini Ureno, ambako hutoka karibu nusu ya gome lote la dunia, hakuna ruhusa ya kuugusa tena mti huo kabla ya miaka 9 kutimia. Mti mmoja unaweza kuvunwa na babu, baba na mjukuu. Kwa kuwa unalipa ukiwa umesimama, hakuna mwenye haraka ya kuukata.

Sisi tumeonja kinyume chake. Katika misitu ya mosop kuna tendwet, mti ambao gome lake hutumika Ulaya kutengenezea dawa za tezi ya kibofu kwa wanaume. Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizouza gome hilo. Huko Afrika miti mingi ilichunwa kuzunguka shina zima au ikaangushwa kabisa, na mti ukichunwa hivyo hadi kwenye ngozi hai haupoi, hufa. Ilibidi biashara yake iwekwe chini ya mkataba wa kimataifa mwaka 1995.

Kakarwet naye si mwaloni. Gome lake haliendi angani, na mwenye kulichuna kwa kulazimisha atabaki na gogo kavu. Lakini huku chini thamani yake ni ya kusimama vivyo hivyo. Mizizi yake hurutubisha udongo, na udongo ndio roho ya Soin. Miteremko ikiachwa uchi, kwa makaa au kwa malisho ya kupita kiasi, mvua inayoshuka kutoka nchi ya chai huibeba ardhi. Anayetaka kuona matokeo avuke mpaka aingie Nyakach, aliangalie korongo la Katuk Odeyo, lililomeza mashamba na njia za watu. Udongo huo huishia ziwani, na maji yasiyozuiwa huku juu ndiyo yanayogonga milango ya majirani wa Kano usiku.

Angani nako kuna funzo kuhusu kile tunachoacha nyuma. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi iliangukia kijiji cha Mukuku, Makueni. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ilikuwa sehemu ya roketi. Mwezi huo huo, setilaiti ndogo ya Kijapani yenye mwili wa mbao, LignoSat, iliachiliwa angani kutoka kituo cha kimataifa. Wazo lake ni kwamba mbao, zikirudi, huteketea zote zisimwangukie mtu.

Msomaji anayetaka kwenda hahitaji maandalizi makubwa. Kericho hadi Kisumu ni yapata kilomita 80, na matatu hazikosekani. Beba maji na kofia, na uombe ruhusa kabla ya kuingia shamba la mtu. Ukikaribishwa mursik kutoka kwenye kibuyu, usikatae.

Na kama una kipande cha ardhi nyumbani, kumbuka kwamba kakarwet hahitaji kitalu. Tawi nene likikatwa na kuchomekwa ardhini mvua zinapokaribia huchipua, na matawi mengi yakipangwa mstari huwa ua hai. Wataalamu wa taasisi ya utafiti wa misitu walioko Londiani, katika kaunti hiyo hiyo ya Kericho, ni watu wa kuulizwa. Ua huo utachukua miaka kukomaa, lakini utakapokomaa watoto watakuwa na gome la kubonyeza bila kupanda matatu.