Baiskeli na Fungu la Wenzetu

Sisi walimu hupenda kusema, "Nafasi hatuna." Zamani tulipofundisha Mbeya, nafasi tuliipata: kila Jumamosi tulipanda baiskeli hata Uyole, penye njia panda ya Tukuyu, tukarudi jua likichwa. Siku moja tulikuta nyumba tupu. Mtoto alishikwa na homa, na mama yake alimbeba mgongoni hata zahanati, kwa miguu, katika baridi ya mwezi wa saba. Baiskeli tulikuwa nayo sisi. Hakutulaumu, kunyamaza kwake kulituuma kuliko maneno.

Sasa tuko Iringa. Twakaa Ipogolo, bondeni kwa mto Ruaha Mdogo, na shule iko juu mjini. Alfajiri twapanda kile kilima kwa baiskeli, na penye ukali twashuka tukaisukuma. Jioni twateremka polepole, mkono katika breki. Mazoezi yetu ni hayo, na Jumamosi ni ya nyumbani.

Ndugu zetu, nafasi haiokotwi njiani, hukatwa katika kitu. Basi tuangalie tusiikate katika fungu la mwenzetu.