Gari Langu Lililoinama

Wahenga walisema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nililiinamisha gari langu hali mvunguni hamkuwa na kitu ila majuto. Nawasimulia kisa hiki bila kujificha, maana najua vijana wengi, na hata walimu wenzangu, wana tamaa ile ile niliyokuwa nayo.

Kwetu ni Kilwa, kando ya Ziwa Moero, yapata kilomita 350 kaskazini ya Lubumbashi, mji ninaofundisha. Baada ya kuweka akiba miaka mingi, mimi na mke wangu tulinunua gari dogo la Toyota lililokwisha tumika Ujapani. Lilishushwa katika bandari ya Dar es Salaam, likavuka mipaka ya Tunduma na Kasumbalesa, likatufikia zima. Tulilinunua kwa mambo mawili: kusaidia biashara ya samaki ya mke wangu, na kumleta mama yangu mzazi mjini atibiwe macho.

Lakini macho hayana pazia. Katika mtaa wetu wa Kenya, na katika Kamalondo, niliona magari ya vijana yaliyoshushwa hata yakakaribia kugusa lami. Yalikaa kama chui anayenyemelea. Nilipolitazama langu, nikaliona kama kuku aliyesimama juu ya vidole.

Tamaa hii si ya kwetu peke yetu. Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945, vijana wa asili ya Mexico katika mji wa Los Angeles, ambao hawakuwa na fedha nyingi, walitia mifuko ya mchanga katika buti, au walikata springi, ili magari yao yakae chini. Jimbo la California likatunga sheria, iliyoanza mwaka 1958, ya kukataza gari lenye kiungo kilicho chini kuliko ukingo wa chini wa rimu ya gurudumu. Sheria hiyo ilifutwa mwanzoni mwa mwaka 2024. Tena waundaji wa magari ya mashindano hushusha magari kwa sababu ya haki kabisa: uzito ukikaa karibu na ardhi, gari halilali sana upande katika kona. Basi jambo lenyewe si kosa. Kosa lilikuwa namna yangu ya kulitenda.

Mke wangu alikuwa amenipa fedha za kununua matairi mawili mapya. Nikapita kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Akaniambia, “Mwalimu, springi fupi za kiwandani ni za matajiri. Nipe dola 15, jioni unaondoka.” Akakata mizunguko miwili katika kila springi, akazirudisha mahali pake. Kwa fedha zilizosalia nikapata tairi moja tu. Nilipofika nyumbani mke wangu aliuliza, “Baba watoto, mbona gari limekuwa fupi?” Nikajibu kwamba springi zimechoka kwa uzee. Akasema kwa upole, “Basi tuzitengeneze kabla Mama hajasafiri.” Nikamwambia bado zinafaa.

Ikafika Julai, likizo ya shule. Mama alikuwa amemaliza matibabu ya macho, na daktari aliagiza asitikiswe sana njiani. Wakati lami ilipokwisha ndipo nilipoanza kulipa deni langu. Kila shimo lilipiga kama nyundo. Mama alishika kiti kwa mikono miwili, hakusema neno. Hatimaye akauliza, “Mwanangu, gari hili linaumwa?” Nikasema, “Ni barabara, Mama.” Huo ulikuwa uongo wa pili.

Malori makubwa yalikuwa yamechimba njia mbili za magurudumu, na katikati yake tuta la udongo mkavu lenye mawe. Gari refu hupita juu yake bila taabu. Langu halikupita. Tulisikia mlio mkubwa chini, na baada ya kitambo taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikazima injini. Jiwe lilikuwa limepasua beseni la oili.

Jua likatua, tukalala ndani ya gari. Gizani nikamweleza Mama yote: springi, fedha za matairi, na jinsi nilivyomdanganya mkwe wake. Akanyamaza kwa muda, kisha akasema, “Baba yenu hakupata kupunguza ukingo wa mtumbwi wake ili upendeze ufuoni. Aliyajua mawimbi ya Moero.” Hakuongeza neno. Asubuhi lori la wachuuzi wa samaki likamchukua Mama, akaketi karibu na dereva. Gari langu likavutwa kwa kamba hata Kilwa.

Huko fundi mmoja mzee aliinua gari, akatia magogo imara chini yake, kwa maana hakuna mtu mwenye akili anayeingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Akanionyesha makosa yangu moja moja.

Kwanza, springi iliyokatwa si fupi tu, bali ni ngumu zaidi, maana mizunguko iliyobaki ni michache. Pili, zile silinda za mafuta zitulizazo mrusho wa springi, yaani shokapu, zilibaki za urefu wa zamani, zikawa zinagonga mwisho wake katika kila shimo. Tatu, springi iliyofupishwa mno huweza kulegea gurudumu linaponing’inia shimoni, ikatoka katika kiti chake. Nne, magurudumu yalikuwa yameinama kwa ndani, na lile tairi jipya lilikwisha kulika upande mmoja. Akaongeza kwamba wengine huzichoma springi kwa moto zishuke. Hao huharibu kabisa ugumu wa chuma chake.

Nikamwuliza: mtu mwenye fedha kidogo na afanye nini? Akajibu kwamba atafute springi fupi zilizotengenezwa kwa gari la namna ile, pamoja na shokapu zinazolingana nazo, hata kama zimetumika, mradi ni nzima. Asishushe zaidi ya sentimita tatu hivi. Springi ibanwe kwa vibanio vyake inapotolewa, maana nguvu iliyofungwa ndani yake huweza kuua mtu. Kazi ikiisha, magurudumu yanyoshwe kwa kipimo, na usukani uzungushwe hadi mwisho, gari likiwa na mzigo, kutazama kama tairi linagusa bodi. “Na kama fedha haitoshi kwa hayo yote,” akasema, “aliache gari lilivyo. Haba na haba hujaza kibaba. Tena akumbuke njia anayopita.”

Beseni likachomelewa, tukatia springi nzima zilizotoka katika gari bovu. Niliporudi Lubumbashi, nilimweleza mke wangu ukweli kabla ya kuweka mfuko chini. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Fedha tutazitafuta tena. Kinachoniuma ni kwamba niliuliza, nawe ukanijibu hivyo.” Ilinichukua miezi mingi kulipa matairi yale kutoka mshahara wangu, na muda mrefu zaidi kabla hajaacha kunitazama mara mbili kila nilipomweleza habari ya fedha.

Siku hizi, Mama akitaka kusafiri nasi, husimama kwanza mlangoni mwa gari na kuuliza, “Mwanangu, limesimama vizuri?” Mke wangu hucheka. Nami hujibu ndiyo, tena ni kweli.