MACHO YA USHANGA



Wengi wenu mnatuita sisi wakapita "Beady". Tunajua. Hata usiku, taa zikisha kuzimwa, tunasikia sauti ndogo: "Munyamaze, ba-Beady banakuja!" Basi leo tunapenda kueleza neno hili, sababu wengi wanalisema bila kulijua.

Tulilipata katika somo la Kiingereza, katika habari ya panya. Bead ni ushanga. Macho ya beady ni macho madogo, ya mviringo, yenye kung'aa kama ushanga mweusi. Kwa panya ao ndege si tusi. Lakini kwa mtu si sifa hata kidogo: ni kusema ana tamaa, ao anachungulia mambo ya wengine na hamwamini mtu. Waingereza wanasema pia kumwekea mtu beady eye, maana yake kumchunga sana asifanye ubaya. Hapo wanasema kwa kucheka kidogo. Ni neno la mazungumzo, usilitie katika barua ya heshima. Siku ile darasa zima liligeuka kututazama.

Tulikasirika. Lakini muhula uliopita, kabla ya mapambazuko, tulimwona mtoto wa mwaka wa kwanza akitoka na shuka chini ya koti. Tuliandika jina lake: mwizi. Tukalisoma mbele ya wote. Kumbe shuka ni yake mwenyewe! Alikuwa ameikojolea, akaenda kuifua kwenye bomba wenzake wangali wamelala. Ilimpasa kueleza hayo mbele ya shule nzima, na watu wakacheka. Ni sisi tuliowachekesha.

Nyuma ya hayo tulifungua kamusi kubwa. Kumbe katika Kiingereza cha kale neno hili bead lilikuwa na maana ya maombi. Watu walihesabu maombi yao kwa vidude vya mviringo vilivyotungwa katika uzi, na jina la maombi likahamia kwa vidude. Neno lililoanza kwa maombi limefika kuwa tusi. Na sisi tulipewa kazi ya kuchunga wadogo, tukaigeuza kuwa kazi ya kutafuta makosa.

Tulimwendea mtoto yule kuomba musamaha. Alijibu: "Si kitu, mukubwa." Lakini hakutuangalia.

Tutaendelea kuwachunga, ndiyo kazi yetu. Ila mbele ya kuandika jina la mtu, tutamwuliza kwanza, tena pembeni.

Kapita wenu, mwaka wa sita