Karanga za Mvumi, karanga za Reading

Huku Uingereza karanga utazikuta mahali pawili. Kuna za pakiti, zilizokolea chumvi, zinazopangwa jirani na bia. Na kuna siagi ya karanga ya kupaka kwenye mkate, ambayo mara nyingi imetiwa sukari na mafuta ya mawese. Kwenye sufuria hazimo. Mwambie jirani yangu hapa Reading kwamba jana nimeunga mchicha kwa karanga, atakuuliza kama hicho ni chakula cha Kithai.

Kwetu Mvumi, mkoani Dodoma, karanga ni mboga kwanza, kutafuna baadaye. Ugali wa mtama au uwele ukishasongwa, pembeni kuna majani ya kunde au ya maboga, na ndani yake karanga zilizotwangwa. Zinakaangwa kidogo tu. Zikianza kunukia zinaepuliwa, kwa sababu zikiungua mboga yote inakuwa chungu. Zinafikichwa, zinapepetwa kwenye ungo, zinaingia kinuni. Unga wake unakorogwa kwanza kwa maji kwenye bakuli, ndipo unamiminwa chunguni, moto mdogo, na mwiko usipumzike maana karanga hushika chini upesi. Mafuta yakianza kuelea juu, imeiva.

Nadhani faida ya karanga iko hapo, kwenye namna ya kuzila. Gramu 100 zina protini kama gramu 25, lakini pia zina kalori zaidi ya 560. Kiganja kimoja kwa siku kinamtosha mtu. Viganja viwili vitatu vya kinuni vinalisha nyumba nzima, na mafuta yake, ambayo mengi ni ya aina isiyodhuru moyo, yanausaidia mwili kufyonza vitamini A iliyomo kwenye majani. Pakiti ya gramu 200 mbele ya televisheni inamalizwa na mtu mmoja kabla mpira haujafika mapumziko. Hapo umekula kalori zaidi ya 1,100 na chumvi juu, na chakula cha usiku bado kinakusubiri.

Tena hawa hawa Waingereza waliwahi kuzifuata karanga mpaka mkoani kwetu. Mwaka 1947 walianza kufyeka pori la Kongwa ili wapate mafuta ya kutengenezea majarini. Udongo ukawa mgumu kama saruji, mvua zikagoma, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi. Wanawake wa Kigogo waliendelea kupanda vijishamba vyao vya karanga kama kawaida.

Kuna jambo moja la huku ambalo lilinishangaza: hofu. Shule nyingi zinakataza mtoto kubeba karanga kwenye chakula chake, kwa kuwa wapo watoto ambao punje moja inaweza kuwaziba pumzi. Si mzaha, watu wamekufa. Ila mwaka 2015 watafiti wa London walitangaza matokeo yaliyogeuza ushauri wa zamani: katika watoto wachanga zaidi ya 600 waliokuwa hatarini, waliolishwa karanga mapema walipata mzio wa karanga kwa kiasi kidogo mno, pungufu kwa takriban asilimia 80. Uji wenye karanga anaopewa mtoto Mvumi, basi, si ushamba. Ziwe zimesagwa lakini, kwani punje nzima humpalia mtoto mdogo. Na mwenye ukurutu mkali aonwe na daktari kwanza.

Hofu ambayo ingetufaa sisi ni nyingine, na hatuna ya kutosha. Sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, haionekani, haimalizwi kwa kupikwa, na hushambulia ini. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi, lakini kuvu hao hao wanazipenda karanga. Huku karanga za kuliwa moja kwa moja haziruhusiwi kuzidi mikrogramu 4 za sumu hiyo kwa kilo. Kiwango cha Afrika Mashariki ni 10. Za kinuni hazipimwi na mtu. Kibaya zaidi, tukichambua, zile nono zinakwenda sokoni, na zilizosinyaa au kubadilika rangi tunasema "hizi za kutwanga". Zikishakuwa unga, nani atazijua? Hizo ndizo za kutupa, tena mbali na kuku. Na mama zangu, msiloweshe maganda ili yabanguke kirahisi. Unyevu ndio unaowaita kuvu.

Mimi nanunua mbichi, zenye ngozi nyekundu, kwenye maduka ya Waasia ya Oxford Road, nachambua kwenye sinia, nasaga kwa mashine ya kahawa. Ladha ya kinu haipatikani, sitadanganya. Kwa hiyo ndugu mnaokuja huku na mkaniuliza mniletee nini: leteni karanga, ila punje, si unga.