Rasimu ya Pili Huja na Makosa Zaidi

Mrudishie mwanafunzi wa kidato cha tatu insha yake iliyosahihishwa, kisha mtazame. Atatafuta alama kwanza. Halafu atachungulia ya jirani. Akishajua nani kampita nani, daftari linafungwa, na wino mwekundu ulioteketeza Jumapili yako nzima unabaki humo ndani bila msomaji.

Nafundisha Kiswahili katika shule ya kutwa huku Waithaka, Dagoretti Kusini. Jambo ninaloliamini kuhusu insha huwaudhi baadhi ya wenzangu katika chumba cha walimu: mwalimu anayesahihisha kila kosa anamnyang'anya mwanafunzi kazi yake. Kosa nikilipata mimi, yeye anachojifunza ni kwamba makosa yana mwenyewe, na mwenyewe ni mwalimu. Yeye kazi yake ni kuandika, kukabidhi na kungoja hukumu.

Siwalaumu wenzangu, maana sote tumelelewa na mtihani. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili katika KCSE humpa mtahiniwa saa moja na dakika 45 kuandika insha mbili, kila moja isipungue maneno 400. Ya kwanza ni ya lazima, ya pili anajichagulia, na kila moja ina alama 20. Mtahini naye ana ishara zake: mistari miwili chini ya kosa la sarufi, mmoja chini ya kosa la hijai, kijikofia palipoachwa neno, na vema penye hoja au msamiati mzuri. Tena kosa hupigiwa mstari linapotokea kwa mara ya kwanza tu. Mtu asiyeyajua mambo haya hudhani mtahini ni mkatili kuliko mwalimu wa darasani. Ukweli ni kwamba mtahini akishaliona kosa mara moja ameliona, anaendelea kupima kiwango cha insha nzima. Ni sisi tunaopigia mstari "vitabu zangu" mara sita katika ukurasa mmoja. Na ishara hizo zilitungwa kwa ajili ya kazi iliyokwisha, isomwe na mtu asiyemjua mwandishi. Sisi tumezileta darasani kwa kazi ambayo ndiyo kwanza imeanza.

Kwa hiyo rasimu ya kwanza siigusi kwa kalamu nyekundu. Wanafunzi wapya hulichukua hilo kama uvivu, na wengine husema waziwazi: "Mwalimu, hii yangu hujamaki." Nawaambia bado hakuna cha kumaki.

Kinachowasumbua ni wazo lenyewe la kuirudia kazi. Kwao kurudia ni adhabu. Anayeambiwa arudie ni aliyefeli. Basi huwasimulia habari za Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye jina lake wote wanalijua, na ambaye alisoma Alliance High School pale Kikuyu, si mbali na hapa kwa matatu. Riwaya yake A Grain of Wheat ilitoka mwaka 1967, ikasifiwa, ikasomwa shuleni. Mwaka 1986 ikatoka tena ikiwa na marekebisho ya mkono wake mwenyewe, kwa kuwa alitaka wakulima wa hadithi ile waione dunia kwa namna aliyokuwa amekuja kuiamini baadaye. Darasa hunyamaza kidogo, kisha lazima atokee mmoja: "Kwani alikuwa amekosea?" Hilo swali nalipenda, kwa sababu linafichua kila kitu. Hawajawahi kusikia kwamba mtu anaweza kuibadilisha kazi yake bila ya mtu kumkuta na kosa.

Sasa nieleze lilivyo kwa karibu. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliniletea insha juu ya mzazi wake. Ilianza kama zinavyoanza zote: ilikuwa Jumamosi asubuhi na mapema, jua lilikuwa limetandaza miale yake ya dhahabu, ndege waliimba nyimbo tamu mithili ya kinanda. Aya tatu za miale na ndege. Zote ni za kukariri, kutoka katika vile vijitabu vya insha bora, na zote hazina kosa hata moja. Katika aya ya nne, katikati ya sentensi ndefu, akataja kwa haraka kwamba babake hufanya kazi machinjioni, Dagoretti Market, na kwamba akifika nyumbani huvua viatu nje. Kisha akakimbilia msemo mwingine wa kukariri.

Sikumsahihisha lolote. Nilikizungushia duara la penseli kile kipande cha viatu, nikamuuliza mbona anavivua nje. Akaniambia mamake hataki damu iingie ndani, na kwamba maji ya kuvioshea viatu hivyo yana karai lake, halitumiki kwa kazi nyingine. Nikamwambia aanzie hapo.

Rasimu ya pili ilianza hivi: "Baba ako na viatu mbili za kazi. Akitoka machinjioni anaweza kuzitoa nje ya mlango juu mama hataki damu." Hesabu makosa. "Ako na", "viatu mbili za", "kuzitoa", hilo "juu" la mtaani badala ya "kwa sababu", na lile "anaweza" lisilo na kazi, ambalo Nairobi nzima hulibandika kwenye kila kitenzi: niliweza kuamka, niliweza kunywa chai, tukaweza kwenda. Rasimu ya kwanza ilikuwa safi. Hii ya pili ukiipigia mistari karatasi itageuka nyekundu.

Hapo ndipo mwalimu anapojaribiwa. Makosa yameongezeka kwa sababu ameacha kunakili. Kwa mara ya kwanza anatafuta maneno ya kitu alichokiona kwa macho yake, na maneno hayo amezoea kuyasema kwa Sheng. Mwalimu anayehesabu makosa atampa alama za chini kuliko alizopata kwa miale ya dhahabu, na mtoto atarudi kwenye miale, tena harudi huku kamwe. Nimewaona wengi walioachwa huko hadi kidato cha nne, wanaandika vizuri kabisa kuhusu asubuhi ambayo hawakuwahi kuamka wakaiona.

Ndiyo maana naweka mpangilio, na mpangilio huo siulegezi. Kwanza tunashughulikia kinachosemwa: nini kinatoka, nini kinakuja mbele, nini hakijaelezwa. Hakuna ruhusa ya kugusa hijai, kwa maana ni upumbavu kupanga herufi za aya itakayotupwa. Kuhariri sentensi kunafuata. Pruufu ni ya mwisho kabisa.

Hiyo ya mwisho ina mitego yake huku kwetu. Vitabu vingi vya mbinu za uandishi humshauri mwandishi asome kazi yake kwa sauti, sikio litalinasa kosa. Ushauri ni mzuri kwa neno lililosahaulika na kwa sentensi iliyomkata pumzi. Kwa upatanisho wa ngeli haufai kitu. Sikio la mtoto aliyelelewa Kawangware au Kabiria halishtuki likisikia "viatu zake". Ndivyo mama anavyosema, ndivyo kondakta anavyosema, na mimi mwenyewe nikiwa sokoni sijui kama sisemi hivyo. Atasoma kwa sauti nzuri, kwa lafudhi ya kupendeza, na kosa litapita likimpungia mkono. Kwa ngeli anahitaji jicho. Anachukua penseli, anapigia mstari kila nomino, kisha anachora mshale kwenda kwa kila neno linaloitegemea: viatu, vyake, viwili, kuvivua. Mishale ikitoka kwenye vi- na kutua kwenye z-, anaona mwenyewe. Ukurasa unachafuka sana, na wazazi wanaopenda daftari nadhifu hawafurahi.

Hijai nayo ina asili yake nyumbani kwa mtu. Anayezungumza Gĩkũyũ huchanganya r na l, akaandika "kurara", na huongeza n au m palipo na d au b, dawa ikawa "ndawa". Anaweza pia kuandika "dhamani" akikusudia thamani. Waluhya wangu wa Kawangware nao gari huliandika "kari". Kuwapa darasa zima orodha moja ya makosa ni kupoteza kipindi, na kipindi chenyewe ni dakika 40 kwa watoto zaidi ya 50. Kila mmoja ana ukurasa wa mwisho wa daftari anaouita ukurasa wa madeni: makosa matatu, si zaidi, anayodaiwa yeye. Kosa lisipoonekana katika insha mbili mfululizo analifuta, anaingiza jingine.

Rasimu ya mwisho ndiyo ninayoiwekea alama, na hata hapo alama yenyewe ni kistari pambizoni tu: mstari huu una kosa, litafute. Mbinu hiyo si yangu. Richard Haswell, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, aliieleza mwaka 1983 katika jarida la College English, na aliona wanafunzi wake wakirekebisha zaidi ya nusu ya makosa bila kuambiwa ni yapi. Wake walikuwa wa chuo kikuu. Wangu wanaandika kwa lugha ya pili, mara nyingi ya tatu, kwa hiyo huwaweka wawili wawili, Mkikuyu na Mluhya nikiweza, kwa maana kila mmoja huona kosa ambalo mwenzake amezaliwa nalo.

Gharama ipo. Insha zangu kwa muhula ni chache kuliko za darasa la jirani, na siku ya wazazi kuna wanaozihesabu. Mwenzangu mmoja naye hunikumbusha kwamba mtihani hauna rasimu ya pili. Ni kweli, na watahiniwa wa mfumo unaoondoka wa 8-4-4 bado wapo, wa mwisho wakitarajiwa mwaka 2027, kwa hiyo nawaandaa kwa chumba cha mtihani pia. Katika zile dakika 105 wanajiwekea 10 za mwisho, na katika hizo 10 hawasomi insha. Wanafungua ukurasa wa madeni kichwani na kutafuta hayo matatu tu, wakianza na sentensi ya mwisho na kupanda kwenda juu ili hadithi isiwabebe. Anayedaiwa r na l haangalii kingine. Anayedaiwa "weza" hulikata kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika kitenzi chake juu yake kwa herufi zinazosomeka, akaenda kwa linalofuata.