Usiku Mmoja Shambani Landless

Gari letu lilikuwa matatu zamani. Ni Hiace ya abiria kumi na wanne ambayo fundi aling'oa viti vyote, akatandika sakafu ya mbao, akaweka kitanda cha kukunja, kabati la vyombo na mtungi wa gesi wa kilo sita. Ubavuni, chini ya rangi mpya, ule mstari wa manjano bado unajitokeza jua likiupiga. Wageni wanaokuja kutembea Kenya hukodi Land Cruiser zenye hema juu ya paa, wakaelekea Mara au Samburu. Sisi tulikuwa na watoto watatu, likizo ya Desemba, na mwaliko wa kulala shambani Landless, upande wa mashariki wa mji wa Thika.

Kutoka Nairobi hadi Thika ni mwendo wa kilomita arobaini na kitu, na tangu barabara kuu ilipokamilika mwaka 2012 watu wengi huumaliza bila kutazama nje. Tulikwenda polepole, tukashika njia ya pembeni. Ruiru bado ina kahawa. Kwenye miteremko iliyobaki wachumaji walikuwa kazini, vikapu viunoni, na buni nyekundu zimeanikwa juu ya magunia kando ya njia zikisubiri kuchambuliwa. Kituo cha utafiti cha hapa ndicho kilichotoa Ruiru 11 mwaka 1985, mkahawa mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, na leo jina la mji huu mdogo linatajwa na wakulima kote milimani. Lakini ukivuka bonde moja tu unakutana na Tatu City, mji mpya wa ekari 5,000 juu ya ardhi iliyokuwa mashamba ya kahawa. Kuta ndefu, malango yenye walinzi, miche ya mapambo iliyofungwa kwenye vijiti. Binti yetu mkubwa aliuliza kahawa yenyewe ilipelekwa wapi. Mama yake akamjibu kwamba iling'olewa.

Baada ya Juja malori ya mawe ya ujenzi yanatawala barabara. Mawe hukatwa kwenye machimbo ya huku, ya kijivu, yaliyochongwa pembe nne, na vumbi lake linatua juu ya kila kitu: majani ya migomba, nguo zilizoanikwa, kope za makanga. Thika tulipita tu. Mji wa viwanda, bomba za moshi, harufu ya ngozi mbichi ikichanganyika na utamu wa mananasi, reli iliyofika mwaka 1913 ikikatiza katikati. Makongeni tulinunua mkate, sukari na majani ya chai, kwa sababu hatuingii nyumba ya mtu mikono mitupu. Kisha tukaishika barabara iendayo Garissa, nyuma ya basi lenye mikeka na magodoro juu ya paa.

Landless inaanza kwa ghorofa. Za kupanga, orofa nne, orofa tano, nyingine bado nguzo na vyuma vinavyochungulia angani. Chini yake maduka ya vifaa vya ujenzi, vinyozi, kanisa la mabati, kinu cha posho kinachonguruma, msururu wa boda boda wanaosubiri abiria kivulini. Tuliiacha lami, tukafuata njia ya murram kati ya kuta mbili za mawe. Ukuta wa kushoto ulipokwisha, mahindi yakaanza.

Sijui nieleze vipi ukubwa wa shamba lile nisilikuze wala nisilipunguze. Ni ekari mbili. Mtu wa Laikipia atasema hicho ni kitalu. Lakini pale lilipo, limezungukwa na majengo pande tatu, ekari mbili zinatosha kuufanya moyo utulie. Mahindi yalikuwa yametoa mbelewele, maharagwe yamejaa chini yake, mbaazi zimepandwa mpakani zikifika begani. Kulikuwa na migomba, mipapai, mti mmoja wa avokado uliolemewa matunda, na mwembe mkubwa ambao kivuli chake kingetosha matatu mbili.

"Egesheni hapo chini ya mwembe," alisema mwenyeji wetu, mama wa miaka sabini na kitu, kitambaa kichwani na gambuti miguuni. "Pale kwingine udongo ni ule mweusi, mvua ikinyesha usiku hamtatoka. Karibuni, watoto wangu."

Watoto walimwita Shosho kabla hatujashusha vitu. Aliwaongoza moja kwa moja zizini, akijua fika wamekuja kuona nini. Ng'ombe wanne wa gredi, weusi kwa weupe, kila mmoja na kizimba chake cha saruji. Kitinda mimba wetu alisimama mbali, mikono nyuma.

"Shosho, huyu anauma?"

"Haumi, mjukuu wangu. Mkune hapa shingoni, anapenda."

Alimkuna. Ng'ombe akarefusha shingo, akafumba macho, na mtoto akasahau kabisa kwamba sisi tupo.

Jioni ilikuwa ya kazi. Kijana wa mwenyeji alileta nepia kwa mkokoteni, mabua marefu yenye unyevu wa mtaro ilikokatwa, na mashine ya kukatia ikawashwa. Harufu ya nyasi mbichi iliyokatwa ilijaa uani, kali na tamu, juu ya ile ya samadi na moshi wa kuni. Binti wa pili alipewa kazi ya kusukuma nepia horini. Kisha maji ya uvuguvugu, kitambaa safi, mafuta ya kukamulia, na mlio wa maziwa ndani ya ndoo: mwanzoni mwembamba, ukigonga bati, halafu mzito kadiri povu linavyopanda.

Nilidhani maziwa yataenda kwa wachuuzi au kiwandani. Badala yake, kabla giza halijaingia, watu walianza kuja kwenye lango la mabati. Walitoka kwenye zile ghorofa. Mwanafunzi mwenye chupa ya soda iliyosuuzwa. Mama mwenye mtoto mgongoni na jagi. Mlinzi anayekwenda zamu na kikombe chake cha plastiki chenye kifuniko. Shosho aliwapimia kwa kikombe cha bati, akiwauliza habari za homa, za mtihani, za kodi. Wengine waliandikwa daftarini walipe mwisho wa mwezi.

Hapo ndipo nilipoliona shamba lile kwa jicho lingine. Njia nzima nilikuwa nimezihesabu zile ghorofa kuwa adui wake, na kwa upande mmoja ni kweli. Hapa ardhi huuzwa kwa ploti za futi hamsini kwa mia, na ekari moja hutoa nane. Kwa hesabu hiyo mama huyu anakaa juu ya ploti kumi na sita. Mawakala humjia, alisema, wengine na soda na mkate mikononi kama wakwe. Shamba la jirani yake limekwisha kukatwa. Bikoni za saruji zimejitokeza kwenye majani na nguzo za stima zimefika kabla ya wakazi. Lakini nilipomuuliza kama ghorofa zinamsumbua, alishangaa.

"Zinisumbue vipi? Wale wa juu ndio wananunua maziwa yangu. Na mayai. Na sukuma. Zamani nilikuwa napeleka debe mjini kwa baiskeli, nusu inaharibika."

Tulikula githeri na avokado, tukiwa tumekaa kwenye viti vya plastiki kati ya gari na jiko. Upande wa magharibi madirisha ya ghorofa yaliwaka moja baada ya jingine, na redio, na mtoto akilia, na mtu akifua usiku. Upande wa mashariki hapakuwa na taa hata moja, ila umbo jeusi la Kilimambogo. Mlima huo una mita 2,145, na kwa kuwa umesimama peke yake tambarare unaonekana mkubwa kuliko ulivyo. Watoto walilala garini mlango ukiwa wazi mpaka mbu walipotulazimisha kuufunga. Mvua ilipita juu ya mwembe kwa muda mfupi, ikanuka udongo, ikaenda zake.

Alfajiri nilitoka na kikombe cha chai ya maziwa ya jana. Mbingu zilikuwa safi. Kaskazini, mbali sana, kilele cha Mlima Kenya kilikuwa kimekaa juu ya ukungu, mita 5,199, chenye rangi ya jivu jepesi. Kwa nusu saa hivi kilionekana, kisha mawingu yakakichukua. Kaskazini-magharibi ilikuwa safu ya Nyandarua, ndefu, ya buluu, ambako mito ya Chania na Thika inatoka. Kutoka uani pale mtu anaiona milima mitatu akiwa ameshika kikombe, na orofa mbili zikiongezwa juu ya jengo la jirani zitaufunga mmoja.

Mchana tulikwenda hadi maporomoko ya Fourteen Falls kwenye mto Athi, mwendo mfupi mbele. Maji ni mengi, yanashuka kwa mikondo mingi juu ya mwamba mpana na kishindo chake kinasikika kabla hujashuka garini. Ila mto huu hupokea maji ya Mto Nairobi huko juu, na povu lililokwama kwenye mawe lilikuwa na harufu ya mtaro. Hatukukaa. Watoto waliomba turudi kwa Shosho, na tukapitia pale kuchukua lita tano za maziwa na kikapu cha avokado.

Kwa chakula, ulinzi na maegesho mwenyeji hakutaja bei. Tulilipa kile ambacho nyumba ya wageni ya kawaida mjini ingetutoza, naye akapokea, akasema pesa hizo zitanunua dawa ya kuogeshea ng'ombe. Familia chache zikifika mwezi hadi mwezi, fedha hizo zinampa mzee wa namna hii neno la kumjibu wakala. Mashamba madogo kama lile yapo pia kuelekea Gatuanyaga, Munyu na Ngoliba. Ukiwa na gari la kulala, au hema tu, uliza jamaa na marafiki wenye wazee huko, omba ruhusa mapema, beba maji yako ya kunywa, fika kabla ya saa kumi na moja jioni ili watoto wakute ng'ombe wakikamuliwa, na ulipe vizuri.