Gari Haikuwa Imerogwa

Wasee, hii stori nimekaa nayo tangu mwezi wa nne. Sikuitengenezea video kwa sababu kuna mahali inaniaibisha. Leo wacha niiandike tu.

Wengi wenu mnajua nilitoka chuo mwaka wa pili, uhandisi wa mitambo, karo ikakataa. (Shosho yangu bado hajui. Kwake mimi niko mwaka wa nne.) Siku hizi mchana niko gereji kwa anko Kariobangi, usiku ndio nakata video. Basi akaja mzee mmoja wa viazi kutoka Kinangop na pikapu ya 4x4, otomatiki. Kampuni sitaitaja. Mzee alikuwa amechoka kukwama kwa matope, akaamua kuweka tairi kubwa: akatoka 265/70 akaenda 285/75, rimu ileile ya inchi 16. Zilipendeza, siwezi kataa. Lakini gari ikawa nzito. Ukipakia magunia, ikifika mlimani inalia kama mtoto.

Tairi kubwa inasafiri mbali zaidi kila ikizunguka mara moja, so injini inasukuma mzigo mrefu zaidi. Dawa iko kwa difu, ile boga ya chuma katikati ya ekseli. Ya mzee ilikuwa na krauni ya meno 41 na pinioni ya meno 11. Gawanya, unapata 3.73. Anko akaweka ya 41 kwa 9, yaani 4.56. Sasa propela inazunguka mara nne na nusu hivi ndio gurudumu lizunguke mara moja, na injini inapata nafuu. Tulibadilisha ya mbele na ya nyuma, kwa sababu ukibadilisha moja halafu uingize 4x4 kwa lami, kitu kitavunjika. Kazi ya siku tatu. Kumwangalia anko akipima mchezo wa meno kwa geji ni burudani, manze. Hiyo niliipiga video, na mliipenda sana.

Mzee akaondoka Jumamosi. Jumatatu asubuhi simu: "Kijana, hii gari imerogwa."

Taa ya injini inawaka. Ya ABS inawaka. Gia zinaingia kwa kishindo. Na mshale unasema 80 huku matatu zinampita kama amepaki. Anko akasema ni sensa ya spidi. Ikanunuliwa mpya Kirinyaga Road, mzee akatoa 7,000, tukafunga, tukafuta makosa, taa zikazima. Hakufika Flyover kabla ziwake tena.

Sasa sehemu ya aibu. Mimi nilikuwa nimeshuku. Ile Jumamosi, nikikaza bolti za mwisho, nilijiuliza: kompyuta ya gari imeambiwa na nani kwamba meno yamebadilika? Swali lilifika hadi kwa ulimi. Lakini mara ya mwisho kufungua mdomo pale kuhusu kitu nilisoma, fundi mmoja aliniambia, "Profesa, lete spana ya 14," na gereji nzima ikacheka. Nikanyamaza. Mzee akalipa 7,000 ya kunyamaza kwangu.

Kompyuta ya gari haioni barabara. Kwa hiyo pikapu, kuna sensa nyuma ya giaboksi inayohesabu mizunguko ya propela. Kompyuta inachukua hiyo hesabu, inagawanya kwa 3.73, inazidisha kwa mzingo wa tairi, inapata spidi. Kando yake, magurudumu yana sensa zao za ABS. Tulipobadilisha difu, propela ikaanza kusema hivi, magurudumu yanasema vile. Mashahidi wawili, ushahidi tofauti. Kompyuta ikafanya kile hata wewe ungefanya: ikaacha kuwaamini wote, ikawasha taa. Haikuwa imeharibika. Ilikuwa inapiga hesabu sawasawa kwa namba ambayo haipo tena kwa hiyo gari.

Mzee aliporudi nikaomba niketi naye mbele, simu mkononi, GPS imewashwa. Dashibodi 80, simu 70. Dashibodi 40, simu 35. Hapo nikajua. Sensa inayokufa huruka-ruka, haidanganyi kwa kiwango kilekile kila saa. Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi ya simiti: 11 kwa 9, toa ile asilimia 7 ya tairi kubwa. Inatoka 80 kwa 70, kabisa.

Nikampelekea anko. Akaiangalia hiyo karatasi muda mrefu.

"Hii ndio walikuwa wanawafunza chuo?"

"Hapana, anko. Hii ni ya darasa la saba. Ni kugawanya tu."

Hakuna mtu alicheka.

Tulichora alama ya chaki kwa tairi, tukasukuma gari mizunguko mitano, tukapima: mita 12.75. Kwa hivyo mzunguko mmoja ni milimita 2,550. Usichukue namba ya kwa mtandao, tairi iliyobeba gari hubonyea. Kuna kijana hapo karibu ana laptopu na programu inayokubali kubadilisha hizo namba. Kwanza akahifadhi nakala ya mipangilio ya zamani. Akaunga betri kwa chaja, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika, kompyuta inaweza kufa kabisa. Akaingiza 4.56, akaingiza 2,550, zima, washa. Dakika 20 hazikuisha. Tukaenda barabarani: dashibodi 70, simu 70.

Si kila gari iko hivyo. Kuna zinazosoma spidi kutoka kwa magurudumu peke yake, na kuna za zamani ambazo unabadilisha kigia cha plastiki tu au unaweka kisanduku kwa waya wa sensa. Uliza kabla difu ifunguliwe. Na kama umeweka tairi kubwa tu hujagusa difu, dashibodi yako inakudanganya upande ule mwingine. Mzee alikuwa akiona 50 mjini, kumbe anaenda karibu 54.

Anko alimrudishia mzee 3,500. Hizo zingine 3,500 nilitoa mimi, pesa ya ile video.

Jioni hiyohiyo shosho akapiga, kama kawaida yake, kuuliza mahafali ni mwezi gani ndio aanze kutafuta kitenge. Aliuza ndama nikiingia chuo. Nikamwambia yote, nikiwa nimeketi kwa tairi kuukuu nje ya gereji. Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika.

Kisha akauliza, hapo kwa anko wako, wanakulipa lakini?